Wawili Wawili Tu

Nohora alilikanyaga tope lile mara mbili. Kwanza kwa viatu vyake. Kisha akarudi langoni, akavaa buti za mumewe, akapita tena sambamba na nyayo zake mwenyewe.

Kibao cha langoni hakikuwa na mzaha: "Wawili wawili tu. Mtu mmoja hatumpokei." Aldemar, mumewe, ndiye aliyeweka nafasi ya kulala hemani hapo shambani, waje washerehekee miaka thelathini ya ndoa. Sasa alikuwa na miezi minne kaburini. Nohora aliutaka usiku ule mmoja aliomwahidi, basi. Akifukuzwa hapa, hana pengine pa kumngojea.

Hema lenyewe lilikuwa kichekesho. Jeupe, la duara, limesimikwa katikati ya malisho ya milima ya Boyacá, Kolombia, na beseni la kuogea lilikuwa hori la zamani la ng'ombe. Ng'ombe mwenye hori alikuja kuchungulia dirishani kama mpangaji aliyefukuzwa.

Jioni mwenye shamba, Mzee Evelio, alileta chakula: sahani mbili, vikombe viwili vya maji moto ya sukari guru, na mikate ya mahindi iliyoungua kingo.

"Mke wangu Custodia anaomba radhi kwa hiyo mikate," alisema. "Shemeji yuko wapi?"

"Ameenda kuwaona ng'ombe."

Ng'ombe wote walikuwa wamesimama nyuma ya mzee. Hakugeuka. Alikuwa akizitazama nyayo.

"Mwepesi sana huyo bwana, mama. Buti kubwa hivyo, na tope halijabonyea."

"Amekonda siku hizi," Nohora akajibu.

"Basi mlazimishe ale. Sahani ikirudi na chakula, Custodia ataninunia wiki nzima."

Nohora alikula sahani zote mbili, machozi yakimtoka. Kisha akajaza glasi ya maji, akaiweka upande wa kitanda wa Aldemar. Kwao marehemu huwekewa maji siku tisa, roho isitange na kiu. Yeye hakuwahi kuacha. "Mwachie aende zake!" dada yake alishamfokea. "Unamfunga mwenzio!" Nohora alisikia, na kila jioni akajaza tena.

Kulipopambazuka, maji yalikuwa yamepungua nusu.

Hakujua aogope au afurahi. Alilojua ni kwamba uongo ule hakuweza kuubeba tena. Akaichukua glasi, akashika njia ya jikoni kumtafuta Custodia. Mwanamke mwenzake angemwelewa, hata kama angemfukuza.

Mlangoni lilining'inia joho la sufu la kike, lina vumbi mabegani. Ndani alikuwamo Mzee Evelio peke yake, akigeuza mikate, na mikate ikiungua.

"Mzee, nisamehe. Nimekuja kusema na mama. Nimewadanganya."

Mzee aliifuta mikono kwenye suruali, akaipokea ile glasi. Akaijaza maji mpaka juu. Kisha akaipeleka kwenye rafu, mbele ya picha ya mwanamke anayecheka, akaiweka kando ya glasi nyingine ya maji iliyokuwapo, imepungua kidogo.

"Huyu wangu hunywa kidogo kidogo," alisema. "Wako je?"