Mgonjwa wa Bi Kulthumu

Uongo wenyewe Bi Kulthumu aliusema mwiko ukiwa mkononi, bila kupanga. Nasoro, muuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, alisimama mlangoni akiuliza kwa nini siku hizi Hamidu haonekani sokoni wala msikitini, naye akajibu, "Anaumwa."

Angesema nini? Hamidu, mtoto wa marehemu kaka yake, alikuwa amebakiza wiki sita kukabidhi tasnifu yake ya udaktari wa elimu ya jamii chuoni Bujumbura. Akichelewa siku moja tu, miaka saba ya kusoma imekwenda na maji. Alikuwa amerudi Rumonge kutafuta utulivu, amekonda, macho mekundu, hali wala halali, anatazama ukurasa uleule tangu asubuhi mpaka jioni. Bi Kulthumu, aliyemlea tangu utotoni, alimwonea huruma mpaka machozi. Mtu wa namna hiyo anahitaji kimya, na mji wetu kimya haukijui.

Asubuhi ileile alikuwa amemuuliza, "Watu wakikuulizia niseme nini?"

"Sema unavyoona wewe, shangazi," Hamidu alijibu bila kuinua uso.

Basi shangazi akaona kuumwa kunatosha.

Mwanamke wa miaka hamsini na tisa, mzaliwa wa Rumonge, alisahauje? Kusema mtu anaumwa ili aachwe peke yake! Adhuhuri haijafika, Nasoro alisharudi na ndagala wa kukaanga na wazee wanne wa msikitini, wote wakaingia chumbani. Hamidu alisukuma kalamu chini ya mto, akavuta shuka mpaka kidevuni, akakohoa.

Alasiri akaja Evangelina, jirani aliyetoka Uvira, pamoja na akina mama saba wa kikundi chake cha maombi.

"Hodi, mama! Tumesikia mutoto iko mugonjwa."

"Karibuni. Lakini daktari amesema apumzike."

"Apumuzike tu, mama. Sisi tutaimba polepole."

Waliimba kwa saa mbili.

Siku ya tatu watu walifika kwa baiskeli kutoka Minago. Siku ya tano ukashuka ukoo mzima wa Nyanza-Lac. Huyu ana mchuzi wa samaki mukeke, huyu uji wa muhogo, yule chupa ya mawese ya kupaka kifuani, na kila mmoja ana habari ya mtu aliyeanza hivyohivyo akafa. Bi Kulthumu alipika chai huku akihesabu siku zilizobaki. Mezani, vikombe vilipangwa juu ya makaratasi ya Hamidu.

Ajabu ni kwamba mgonjwa alinenepa. Mashavu yalirudi. Zile nyimbo za Evangelina zilimlaza usingizi mzito, na chakula alikula chote, kwa kuwa kukataa kungemuumiza aliyeleta. "Ugonjwa huu unamufaa," Nasoro alisema, akamwongezea ndagala.

Afya sawa, lakini kitabu? Siku ya ishirini Bi Kulthumu alitangaza kwamba Hamidu amepona. Kosa hilo lilikuwa kubwa kuliko la kwanza. Aliyepona hupongezwa, na wanaopongeza hawana haraka ya kuondoka kama wale waliokuja kutoa pole. Nasoro alileta kuku wawili.

Mchana mmoja wageni walipopungua, uvumilivu ulimwishia Bi Kulthumu. Aliketi ukingoni mwa kitanda akalia.

"Nimekuharibia, mwanangu. Kesho nasimama sokoni naungama kwamba nimewadanganya. Waniseme wanavyotaka, ilimradi wewe uandike."

Hamidu aliruka kama mtu aliyemwagiwa maji. "Usithubutu, shangazi!" Kisha akatulia. "Hebu niambie. Nasoro kila akija, mbona zawadi anakupa wewe, hanipi mimi?"

"Mgonjwa akipewa mkononi ataanza kushukuru. Hachoshwi kwa shukrani."

"Na yule mama wa Minago, kwa nini alisimama mpaka Evangelina akaketi?"

"Evangelina alitangulia kufika. Lakini mwanangu, hayo ya nini sasa?"

Hamidu alichomoa kalamu chini ya mto. Bi Kulthumu aliona ni moyo mwema tu, mtoto anataka kujua namna ya kumrudishia kila mtu wema wake, na hilo likamliza upya.

Wiki sita zikaisha. Siku ya mwisho Hamidu alipanda gari la Bujumbura na mkoba wake, akarudi akisema amekabidhi. Bi Kulthumu alimwambia hongera, lakini hakuamini. Alikabidhi nini, vikombe?

Kwa hiyo siku ya kutetea tasnifu, miezi miwili baadaye, alikwenda chuoni kama aendaye msibani. Aliketi nyuma kabisa na Evangelina, leso tayari mkononi. Maprofesa waliovaa majoho walizungumza Kifaransa kwa muda mrefu, na Evangelina, aliyesoma shule, akawa anamfasiria sikioni.

"Wanasema kazi ni muzuri sana. Wanasema haiyaandikwa bado kitu kama hii."

"Kazi ya nini?"

"Ya namna watu wa Rumonge wanatunza mugonjwa." Evangelina alisikiliza tena. Alipoendelea, sauti ilikuwa imebadilika. "Wanasema mwandishi alilala kitandani karibu wiki tatu, muzima kabisa, kusudi atuone vizuri."

Profesa mmoja akainua mkono kwa swali la mwisho. Evangelina akalifasiri taratibu, neno kwa neno: yule shangazi aliyeeneza habari za ugonjwa, je, alijua kwamba ni utafiti?

"Hapana," Hamidu alijibu kwa Kiswahili, akigeukia viti vya nyuma. "Yeye ndiye sura ya kwanza."