Hodi ya Tatu

Mtaani kwetu Tukuyu kila nyumba husajili fasiri moja ya Biblia, na mlango huifuata. Mimi si mtu wa kuyumbayumba: nilisajili kwamba Sodoma iliangamia kwa sababu ya wanaume kutamani wanaume wenzao. Jirani yangu Mama Tupokigwe alisajili kwamba iliangamia kwa kuwatendea wageni unyama. Tunaazimana chumvi kama kawaida.

Jumapili mwanangu Ambakisye alikuja na Lugano, mwanamume anayeishi naye. Mlango ukawatambua, ukagoma kufunguka.

"Hodi! Shikamoo, mama. Tunanyeshewa. Badilisha fasiri, ni kitufe tu."

"Marahaba. Neno la Mungu si kitufe, baba."

Akapiga hodi ya pili, kisha ya tatu. Nilimfundisha mwenyewe alipokuwa mdogo: usipokaribishwa baada ya hodi ya tatu, unaondoka. Wakaondoka. Nikamsikia Mama Tupokigwe akiita, "Karibuni, wanangu, mmelowa!"

Sikujuta. Nilipakua ndizi nilizopika za watu watatu, nikala peke yangu, kisha nikaiambia Biblia ya ukutani inisomee habari za Sodoma, nizidi kuimarika. Ikasoma vizuri mpaka ikafika pale Lutu anapowasihi wageni wawili asiowajua waingie kwake walale.

"Ruka hapo," nikasema.

"Sawa, mama," ikajibu kwa sauti yake ya upole. "Niruke kwa leo tu, au siku zote?"