Achari Uchochoroni

Tangu nyumba za mtaa zijengwe kwa matofali ya salfidi ya chuma, yanayohifadhi umeme wa jua, ndani hakuruhusiwi kitu kichachu. Tone la ndimu likigusa ukuta, hutoka gesi ya sumu inayonuka yai viza.

Leo Mzee Faki aliitamani achari, chupa ya mwisho ya marehemu mkewe, Mahfudha. Akajibebea chupa na pilau yake mpaka uchochoroni.

"Shemeji, umefukuzwa kwako?" jirani yake, Bi Raya, alimchokoza.

"Nimefukuzwa na wakubwa! Wao wanalala nyumba za mawe, achari wanakula kitandani. Lete sahani!"

Punde mtaa mzima ulikuwa nje, unalamba vidole na kumsifu Mahfudha. Faki akacheka, mara ya kwanza tangu msiba.

Manyunyu yakaanza.

"Shemeji," alisema Bi Raya, akilamba mdomo, "mbona mvua nayo ni chachu?"

Wote wakageuka kuzitazama kuta.