Kanga ya Mlangoni

Lolote lililoandikwa kwa herufi nene za mlazo ni amri kwa kila mtu, na likishatundikwa haliondolewi. Tunu ndiye aliyezichora herufi hizo alipotoka chuoni, kabla ya sheria hiyo. Alizilaza kama ulivyolala mwandiko wa mama yake, akazinenepesha zisomeke kwenye kanga hata kwa mbali. Kanga ya kwanza alimpa mama, Bi Riziki, aliyejichagulia maneno ya kumpiga jirani kijembe: KWANGU USITIE MGUU.

Sasa kanga hiyo ilikuwa pazia la mlango. Bi Riziki alilala ndani, hawezi kuinuka, na Tunu alisimama barazani na bakuli la uji.

“Afande, kijembe kile nilipigwa mimi,” jirani, Bi Maua, alimwambia mgambo aliyeziba mlango. “Nami nimeshamsamehe, mbea yule.”

“Herufi hazikutaja jina, mama.”

“Tunu mwanangu,” sauti ikatoka ndani, “si wewe uliyezichora?”

“Ni mimi, mama.”

“Basi hebu ziambie.”

Tunu akazitazama. Zilikuwa zimeinamia mbele, kama watu wanaokimbilia kuingia.