Mguu wa Muuza Mikate

"Mzee Réjean, muuza mikate wako anachechemea!" Msimamizi alicheka, kidole kikigonga kioo cha kompyuta. "Wanaolijaribu gemu wanalalamika, wanadhani tumeharibu. Hebu mnyooshe, leo tunafunga kazi."

Réjean aliguna. Tangu ujana wake, katika makampuni makubwa ya gemu ya Montreal, alikuwa akiwatembeza askari na majambazi waliobuniwa na wengine. Huyu anayepita tu na kikapu cha mikate nyuma ya shujaa ndiye pekee aliyekuwa wake.

"Au una sababu?" msimamizi aliuliza.

Réjean alivuta kibodi karibu.

"Sina. Nilikosea tu."

Msimamizi alipoondoka, Réjean aliutazama ule mguu wa kushoto. Uliburutika kidogo kabla ya kuinuka, kama mguu wa marehemu baba yake ulivyokuwa ukiburutika kwenye sakafu ya mbao kila alfajiri ya baridi, akienda kuwasha jiko ili watoto waamke nyumba ina joto.

Akaunyoosha.

Muuza mikate akaingia sokoni, akitembea kama watu wote. Réjean akasogeza uso karibu na kioo, akamtafuta katika umati, asimwone.