Mti Uliotoka Katikati

Kila asubuhi, kabla ya kukanyaga mashine yake ya kukereza, Papa huuzungusha kwa mkono mti uliofungwa humo na kuugonga kwa nyundo mpaka ukae katikati. Asubuhi ile, nyundo ilipoinuka, niliufunika mti kwa kiganja changu.

“Toa mukono, Nyota. Hii mti haiko katikati.”

“Niliufunga mimi, Papa. Uache vile.”

Akacheka. “Bon! Masista wa shule walikufundisha kufunga mti kama mulevi?”

Nikakanyaga. Patasi iligusa mti, ikaukosa, ikaugusa tena. Nikausogeza mti kidogo, nikakata duara jingine, pana kuliko la kwanza. Nikaendelea hivyo mpaka mti ukawa kifuniko, miduara yake ikijisokota kama ganda la konokono.

Papa alipitisha kidole gumba kutoka ndani hadi ukingoni, polepole, kisha akakirudisha.

“Utaonyesha hii watoto wa Barumbu,” akasema. “Utakuwa mwalimu mukubwa, mama.”

Sanduku langu lilikuwa mlangoni. Meli ya kunipeleka kufundisha kwenye shule ya Barumbu ilikuwa inaondoka adhuhuri. Nilikipangusa kifuniko vumbi, nikakiweka mkononi mwake.

“Sitapanda meli, Papa. Ninataka kubaki hapa, nikereze.”