Nyigu Kwenye Mtutu

Sengasu, mlinzi wa reli, aliikoki bunduki yake fupi ya zamani, ambayo hakuwahi kuifyatua hata siku moja, akamlenga mtu aliyejibanza chini ya behewa la mahindi.

"Toka, ama nakupiga!"

Akatoka mwanamke, ungo mkononi.

"Baba wee, usiniue! Nazoa yaliyomwagika tu."

Amri ilikuwa mwizi apigwe risasi. Kidole cha Sengasu kilikuwa kimeshagusa triga alipotokea nyigu na donge la udongo, akatua mdomoni mwa mtutu, akaanza kusiriba kama fundi aliyerudi kazini. Sengasu akashusha bunduki, akatoa risasi zote, akachungulia. Mtutu ulikuwa umeshazibwa ndani kwa udongo wa kiota. Angefyatua, ingemlipukia usoni.

Akaketi juu ya reli.

"Mama, leo nilikuwa najiua mwenyewe."

Mwanamke akacheka, na Sengasu naye kicheko kikamtoka pamoja na machozi.

"Sasa utauzibua mtutu?" mwanamke akauliza.

Sengasu alikuwa na ufito wa chuma wa kusafishia mtutu. Nyigu alirudi na donge jingine. Sengasu akaweka ufito chini, akaishika bunduki kwa mikono miwili, isitikisike.